Juu ya Hitilafu za Usanidi katika Seva ya Tomcat, na Madhara Yake kwa Maandishi ya Kiswahili

Maandishi mengi yaliyowekwa na vyuo vikuu katika mtandao, yaani tasnifu, majarida, picha za miswada na orodha zake, huhudumiwa na programu zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Programu za namna hii hazisimami peke yake. Hukaa ndani ya programu nyingine, iitwayo seva, ambayo kazi yake ni kupokea maombi ya wasomaji, kuyafikisha panapostahili, na kuwarudishia majibu. Miongoni mwa seva za Java iliyoenea sana ni Tomcat. Mwandishi wake wa kwanza, James Duncan Davidson, aliianza alipokuwa katika kampuni ya Sun Microsystems, na mwaka 1999 ikakabidhiwa Apache Software Foundation, ambayo ingali ikiitoa bure hata leo. Jina lake kwa Kiingereza ni la paka dume, kwa kuwa Davidson alitaka mnyama awezaye kujitunza mwenyewe. Wenye kuihudumia kila siku huenda wakasema kwamba paka huyu hujitunza kweli, ila baada ya kuonyeshwa kila kitu kilipo.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa jarida kama hili ni DSpace, programu ya hazina za vyuo iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. Vyuo vikuu kadha wa kadha vya Afrika ya Mashariki huitumia kuhifadhi kazi za walimu na wanafunzi wao, na chini yake, aghalabu pasipo msomaji kujua, hukaa Tomcat.

Usanidi ni yale maelekezo ambayo mtunzaji huiandikia seva kabla haijaanza kazi: ipokee maombi katika mlango upi, itumie kumbukumbu kiasi gani, iifikie hifadhidata kwa njia gani, na isome herufi kwa msimbo upi. Maelekezo hayo huandikwa katika mafaili machache, hasa lile la server.xml na lile la web.xml, yaliyomo katika folda iitwayo conf. Hitilafu zinazompata mtunzaji wa Tomcat mara nyingi si za seva yenyewe bali ni za maelekezo haya, nazo ni za namna mbili. Ziko zinazopiga kelele: seva hukataa kuwaka, wasomaji hulalamika, na mtunzaji huamshwa usiku. Ziko pia zilizo kimya: seva yafanya kazi, kurasa zafunguka, daftari la matukio halina neno, na huku maandishi yaharibika. Desturi ya watu ni kuziogopa zile za kwanza. Lakini kwa mwenye kuhifadhi maandishi ya Kiswahili, hasa yale ya herufi za Kiarabu, hasara isiyorudishika imo katika zile za pili. Kwa hiyo za kwanza zitaelezwa hapa kwa kadiri inavyohitajika tu.

Jambo la kutangulia, hitilafu iwayo yote, ni kusoma daftari la matukio. Watu wengi huliita daftari hilo kumbukumbu, lakini neno hilo hilo hutumika pia kwa nafasi ambayo kompyuta hufanyia kazi, na katika mambo ya seva maana hizo mbili hukutana katika sentensi moja. Basi hapa daftari ni daftari, na kumbukumbu ni kumbukumbu. Tomcat huandika madaftari zaidi ya moja katika folda ya logs. Mtunzaji mgeni hulifungua catalina.out, akaona maneno ya kwamba kitu fulani kimeshindwa kuanza na kwamba maelezo kamili yamo katika daftari jingine, kisha akaanza kukisia. Hapana haja ya kukisia. Daftari hilo jingine ni lile ambalo jina lake huanza na localhost na kufuatiwa na tarehe ya siku, nalo liko kando ya lile la kwanza. Tena mlolongo wa maneno ya hitilafu katika Java husomwa kinyume cha barua: kichwa chake hutaja matokeo, na sababu yenyewe hukaa chini, kwenye mstari wa mwisho kati ya ile inayoanza na maneno “Caused by”. Mtu anayenakili mistari kumi ya juu na kumpelekea mwenziwe ili amsaidie, amempelekea moshi akauacha moto.

Katika hitilafu za kelele, iliyo nyepesi kuliko zote ni ya mlango ulioshikwa. Kila programu ipokeayo maombi katika kompyuta hupewa namba ya mlango. Tomcat isipobadilishwa hutumia 8080 kwa wasomaji na 8005 kwa kupokea amri ya kuzimwa. Ikiwa programu nyingine imekwisha kuutwaa mlango huo, daftari hutaja “BindException”, na mara nyingi mwenye kuutwaa ni Tomcat yenyewe iliyowashwa jana na haikuzimika sawasawa. Katika Linux amri ya ss humwonyesha aliyeushika. Ifahamike pia kwamba milango iliyo chini ya 1024 kwa kawaida haifunguliwi ila na msimamizi mkuu wa kompyuta, na ndiyo maana anayeiandika namba 80 katika server.xml hushangaa kukataliwa.

Hitilafu nyingine ya upesi ni ya alama za nukuu. Mtu huandika maelekezo yake katika programu ya kuandikia barua, na programu hiyo, kwa kutaka uzuri, hugeuza alama zilizonyooka kuwa zilizopinda. Faili la XML haliwezi kuzikubali zilizopinda mahali pa zilizonyooka, nayo seva hukataa kuwaka ikitaja namba ya mstari wenye kosa. Alama hizo zilizopinda zitaonekana tena mbele, zikifanya madhara mengine yasiyo na kelele.

Hitilafu ya matoleo yahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa chanzo chake si ufundi bali ni mambo ya sheria. Sehemu ya Java inayohusu seva, pamoja na majina yake yote yanayoanza na neno javax, ilikuwa mali ya Sun, kisha ya Oracle iliyoinunua Sun mwaka 2010. Mwaka 2017 Oracle iliamua kuikabidhi sehemu hiyo kwa Eclipse Foundation. Kazi ilikabidhiwa, lakini jina halikukabidhiwa pamoja nayo. Wapokeaji hawakupata ruhusa ya kuendeleza mambo mapya chini ya jina la javax. Kwa hiyo toleo la Jakarta EE 9, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2020, liliyabadili majina hayo yote yaanze na jakarta. Tomcat 9 inayajua majina ya zamani, na Tomcat 10 inayajua mapya tu. Kwa macho ya kompyuta javax na jakarta ni vitu viwili visivyo na udugu, ijapokuwa yaliyomo ndani ni yale yale.

Matokeo yake ni kwamba programu iliyoandikwa kwa Tomcat 9, ikipandishwa katika Tomcat 10, hushindwa. Tena namna ya kushindwa hutofautiana. Nyingine hulalamika katika daftari kwamba jina fulani la javax halipatikani, na hapo dawa ni dhahiri. Nyingine hunyamaza kabisa: seva yawaka, programu yaorodheshwa, na kila ukurasa hujibu 404, yaani hakipo kitu hapa. Hii hutokea kwa sababu programu hizo hungojea kuitwa na seva kwa jina la zamani, na seva mpya hailijui jina hilo, wala haioni kosa katika kutomwita asiyemjua. Mtunzaji wa DSpace hukutana na mambo haya anapotoka toleo la 7, lililokaa katika Tomcat 9, kwenda toleo la 8, ambalo lataka Tomcat 10.1 na Java 17. Kwa programu ambayo mwandishi wake hapatikani tena, waundaji wa Tomcat wametoa njia: ikiwekwa katika folda ya webapps-javaee badala ya webapps, seva huibadili yenyewe majina yake kabla ya kuiwasha. Njia hiyo hufaa mara nyingi, si mara zote.

Tofauti ya matoleo ya Java yenyewe ni rahisi zaidi kutambua. Daftari hutaja namba ya toleo la faili, mathalan 61, na namba ambayo Java iliyopo yaweza kuisoma, mathalan 55. Ukitoa 44 katika kila namba wapata toleo la Java: 61 ni Java 17, na 55 ni Java 11. Basi programu imetengenezwa kwa 17, na kompyuta ina 11.

Juu ya kumbukumbu yatosha kusema mambo mawili. Java isipoelekezwa hujiruhusu kutumia hata robo ya kumbukumbu ya kompyuta kwa vitu vyake. Anayetaka kiasi kingine hukiandika katika faili la setenv.sh ndani ya folda ya bin, faili ambalo halimo katika Tomcat inapopakuliwa, ni lazima kuliunda. Na ikiwa Tomcat imetoweka ghafula bila kuandika neno la kuaga, yafaa kutazama daftari la Linux lenyewe, kwa maana Linux ikiishiwa kumbukumbu huchagua programu kubwa ikaiua, na aliyeuawa hivyo haandiki wasia.

Kati ya kelele na ukimya ziko hitilafu zinazokuja na kuondoka. Mashuhuri ni ile ya asubuhi. Maktaba hufungwa jioni, usiku hapana msomaji, na mtu wa kwanza wa asubuhi hupata ukurasa wa hitilafu. Akijaribu tena, mambo ni salama. Sababu yake ni hii: kufungua muunganisho na hifadhidata ni kazi ya muda, kwa hiyo seva huweka akiba ya miunganisho iliyokwisha funguliwa. Hifadhidata kama MySQL, isipoelekezwa vingine, huukata muunganisho uliokaa bure kwa sekunde 28,800, yaani saa 8 kamili. Seva haina habari, nayo humpa msomaji wa kwanza muunganisho uliokufa. Dawa ni kuiagiza akiba iujaribu kila muunganisho kabla ya kuutoa.

Akiba hiyo hiyo ina ugonjwa wa pili. Katika Tomcat ya kawaida, isipobadilishwa, akiba huruhusu miunganisho 8 tu, na anayeikuta yote imetoka hungoja bila kikomo. Programu ikiwa na mahali pamoja tu inapoazima muunganisho na kusahau kuurudisha, siku nane au dakika nane zitapita, kutegemea wingi wa wasomaji, kisha tovuti nzima itasimama, kila mtu akingoja, na hapana hitilafu yoyote iliyoandikwa, kwa kuwa kungoja si hitilafu. Kuongeza miunganisho kutoka 8 hadi 80 huahirisha siku ya kusimama tu. Lililo bora ni kuweka kikomo cha kungoja, na kuiamuru akiba iandike daftarini ni nani aliyeazima asirudishe.

Mahali ambapo Tomcat imewekewa seva nyingine mbele yake, kama Nginx, ni lazima kuuliza kwanza ni nani aliyejibu. Msomaji anayejaribu kupandisha tasnifu ya megabaiti 12 na kujibiwa 413, aghalabu amejibiwa na Nginx, ambayo isipobadilishwa haipokei zaidi ya megabaiti 1. Mtunzaji aweza kuipekua Tomcat mchana kutwa asione kitu, kwa kuwa ombi halikuifikia. Na wale waliounganisha seva mbili hizo kwa njia ya AJP, kupitia mlango 8009, waliona njia hiyo ikifungwa mwaka 2020. Mwaka huo palitangazwa kasoro iliyoitwa Ghostcat, iliyomwezesha mtu wa nje aufikiaye mlango huo kusoma mafaili ya ndani ya programu, na tangu toleo la 9.0.31 Tomcat haiufungui mlango huo ila kwa kuagizwa, tena kwa neno la siri. Waliokwisha kupandisha toleo bila kusoma matangazo waliilaumu Tomcat kwa kuwakatia njia. Ilikuwa ikiwafungia mlango uliokuwa wazi.

Sasa kuhusu herufi. Kompyuta haihifadhi herufi bali huhifadhi namba, na msimbo ni mapatano ya namba ipi ni herufi ipi. Msimbo wa ISO-8859-1, uliotungwa kwa lugha za Ulaya ya Magharibi, hutumia baiti moja kwa kila herufi, na hauna nafasi kwa herufi za Kiarabu. Msimbo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, hutumia baiti moja kwa herufi za Kilatini zisizo na alama, mbili kwa herufi za Kiarabu, na tatu kwa nyingine nyingi, ikiwamo ile alama ya nukuu iliyopinda. Vivinjari vya leo hutuma maandishi kwa UTF-8. Seva ikiyasoma kwa ISO-8859-1, haioni kosa lolote, kwa sababu katika msimbo huo kila baiti ni halali. Husoma tu baiti mbili za herufi moja kama herufi mbili.

Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapomdanganya mtunzaji. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina alama juu ya herufi zake. Katika ASCII, katika ISO-8859-1 na katika UTF-8, maneno kama kitabu, methali na utenzi ni baiti zile zile. Mfaransa akiipima seva yake kwa sentensi moja ya Kifaransa ataona kosa papo hapo katika herufi é. Mswahili ataipima yake kwa sentensi mia, zote zitapita salama, naye ataandika kwamba seva ni nzima. Kosa hubaki limelala mpaka siku mtu anapoandika ng’ombe kwa alama iliyopinda, au anapoingiza jina la mswada kwa hati ya Kiarabu. Hapo ng’ombe huonekana ngâ€™ombe, na watu hucheka na kusahihisha kwa mkono. Jina la mswada lililogeuka kuwa mfululizo wa Ø na Ù halichekeshi, na kwa kuwa wachache ndio waisomao hati hiyo, huweza kukaa hivyo miaka. Aghalabu husingiziwa fonti.

Mtunzaji azizoee herufi hizo mbili, Ø na Ù. Herufi karibu zote za Kiarabu cha kawaida, katika UTF-8, huanza na baiti ambazo ISO-8859-1 huzisoma hivyo. Herufi ain huwa Ø na ¹ ndogo; alifu huwa Ø na alama ya §. Zile herufi zilizoongezwa kwa ajili ya sauti zisizomo katika Kiarabu, kama pe na che ya nukta tatu, huwa Ù na Ú. Ukurasa uliojaa Ø na Ù wasema wazi: haya yalikuwa maandishi ya Kiarabu, yametumwa kwa UTF-8, na mahali fulani yamesomwa kwa baiti moja moja.

Mahali hapo hapana budi kupatafuta, na Tomcat ina zaidi ya pamoja. Kwanza ni anwani ya ukurasa, ambamo maneno ya utafutaji hupita. Mpaka Tomcat 7, ambayo huduma yake ilikoma mwaka 2021, anwani zilisomwa kwa ISO-8859-1 isipokuwa mtunzaji ameandika URIEncoding="UTF-8" kwenye kipokeo katika server.xml, tangu Tomcat 8, UTF-8 ndiyo desturi. Pili ni fomu zinazojazwa na watengeneza orodha. Fomu hazipiti katika anwani, wala sharti lile haliziangalii. Kwa sheria ya zamani ya Java husomwa kwa ISO-8859-1 ikiwa kivinjari hakikutaja msimbo, nacho kwa kawaida hakitaji. Katika Tomcat 9 na zilizotangulia huwekwa kichujio mbele, na kichujio hicho lazima kiwe cha kwanza kabisa, kwa maana programu yoyote ikishasoma neno moja la fomu, msimbo haubadiliki tena kwa ombi hilo. Tangu Tomcat 10 faili la web.xml la seva limekwisha kuandikwa UTF-8. Tatu ni mafaili ambayo programu huyasoma kutoka diskini, na msimbo wake, kwa Java iliyotangulia 18, ulifuata mazingira ya kompyuta. Mwisho ni hifadhidata.

Kwa kuwa anwani na fomu zina masharti mbalimbali, dalili hutofautisha. Orodha ikiandikwa sawa na kuonekana sawa, lakini utafutaji wake haupati kitu, kosa liko katika anwani. Utafutaji ukiwa salama kwa vitabu vilivyopandishwa kwa faili, na vile vilivyoandikwa kwa fomu havipatikani, kosa liko katika fomu.

Lipo jambo la tatu, la hatari zaidi. Katika Tomcat 7 isiyosanidiwa, anwani na fomu zote mbili zilikosewa kwa namna moja. Jina liliingia limeharibika, na neno la kutafutia nalo likaharibika vile vile. Basi makosa mawili yalipatana, na mswada ulipatikana. Seva ilipopandishwa hadi Tomcat 8, anwani zikasahihika zenyewe, na fomu na maandishi ya zamani yakabaki kama yalivyokuwa. Tangu siku hiyo mtafiti aliyeandika jina la utenzi kwa herufi zake sahihi alijibiwa kwamba hakuna kilichopatikana. Hakuna ukurasa wa hitilafu, hakuna neno daftarini. Mtafiti hana njia ya kujua kama mswada haumo, au umo na hausomeki. Naye huandika katika kazi yake kwamba haumo.

Herufi ngeni zikionekana, bado kuna tumaini, kwa kuwa baiti zote zipo na zaweza kurudishwa. Alama ya kuuliza ni habari nyingine. Java ikilazimishwa kuandika herufi katika msimbo usio na herufi hiyo, huandika ? mahali pake, na jina la herufi saba huwa alama saba za kuuliza, zisizo na tofauti na jina jingine lolote la herufi saba. Yafaa kutazama kwanza hifadhidata kabla ya kukata tamaa, maana huenda ikawa ukurasa tu ndio ulioandikwa vibaya na maandishi yamo salama. Lakini ikiwa alama hizo zimo katika hifadhidata yenyewe, kilichobaki ni kuandika upya kutoka kwenye mswada.

Katikati ya hizo mbili iko hasara ya nusu, inayopatikana kwa kompyuta za Windows zenye Java iliyotangulia 18. Hizo, zikisoma faili bila kuambiwa msimbo, hutumia aghalabu ule wa Windows-1252, ulio karibu sana na ISO-8859-1 hata watu huudhania ni huo huo. Tofauti ni kwamba baiti 5 katika msimbo huo hazina herufi yoyote, na Java ikizikuta huzitupa, ikiweka alama ya kitu kisichojulikana. Kwa lugha nyingi hili ni jambo dogo. Kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu ni msiba, kwa sababu katika baiti hizo 5 imo moja iliyo ya herufi fa, moja iliyo ya kasra, na moja iliyo ya dhamma. Fatha husalimika. Waswahili, tofauti na Waarabu, hawakuandika tungo zao bila irabu, kwa kuwa lugha haisomeki bila irabu. Na katika uandishi wa zamani kasra ndiyo i na e, dhamma ndiyo u na o. Basi mahali ambapo mwandishi hakutia herufi ya kurefusha, neno baba hurudi zima, na bibi na bubu huwa neno moja lisilo na sauti. Anayetazama ukurasa kwa mbali huona maandishi yamerejeshwa, kwa kuwa konsonanti karibu zote zipo mahali pake. Ni msomaji wa tungo tu atakayeona kwamba vina vimepotea.

Kurudisha yaliyosomwa kwa ISO-8859-1 kwawezekana kwa kuigeuza njia: maandishi hurudishwa kuwa baiti kwa msimbo ule ule uliokosewa, kisha baiti hizo husomwa kwa UTF-8. PostgreSQL, ambayo ndiyo hifadhidata ya DSpace, hufanya hivyo kwa amri moja yenye convert_to na convert_from. Lakini amri hiyo isitolewe juu ya orodha nzima. Maandishi yaliyoingizwa baada ya seva kusahihishwa ni mazima, na yakipitishwa katika njia hiyo PostgreSQL itakataa na kusimama, wakati programu nyingine, zisizo na uangalifu huo, zitayageuza kuwa alama za kuuliza. Kwa hiyo kwanza hutolewa nakala ya hifadhidata nzima. Kisha maandishi hugawanywa kwa tarehe ya kuingizwa. Kisha hujaribiwa ingizo moja, baiti zake zikihesabiwa. Herufi ain iliyoharibika mara moja hukaa katika baiti 4, na iliyo nzima katika 2. Ikionekana katika baiti 8, imeharibika mara mbili, na hiyo ni dalili kwamba mtu mwingine amekwisha kujaribu kuitengeneza kabla.

Kwa kupima seva kabla ya kuitia kazini, na kila toleo linapopandishwa, mstari mmoja watosha, maadamu si wa Kiswahili cha Kilatini kitupu. Uwe na ng’ kwa alama iliyopinda, na neno la hati ya Kiarabu lenye fa, kasra na dhamma. Uingizwe kwa fomu, upandishwe kwa faili, utafutwe kwa anwani, kisha utazamwe ndani ya hifadhidata yenyewe, baiti kwa baiti, wala si katika kivinjari peke yake.